Mita moja na nusu inahesabiwa kuanzia wapi?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba nchi nyingi sasa zina sheria ya nafasi ya kuacha ukimpita mtu wa baiskeli, mara nyingi mita moja au moja na nusu. Mstari mmoja! Maswali yaliyokuja yangejaza gazeti zima. Nimechukua manne, mengine nisameheni.

SWALI: Anko shikamoo. Naenda kazini kwa baiskeli kila siku na juzi lori limenipita karibu mpaka saidi mira ikapita juu ya mkono wangu, upepo wake nikausikia shingoni. Nikamkuta dereva kwenye taa, namuuliza, ananijibu "kwani nimekugusa?" Hiyo iko sawa kisheria? Na hiyo mita moja na nusu inahesabiwa kutoka wapi, kwenye tairi au?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la "kwani nimekugusa" ndo lililoleta hizi namba. Zamani sheria karibu zote zilisema tu upite kwa usalama, uache nafasi ya kutosha, basi, sasa hiyo "ya kutosha" kila mtu anayo ya kwake, na kwa huyo wako kutosha maana yake rangi ya lori haijabaki kwenye shati lako. Jimbo la Wisconsin kule Marekani likaweka namba mwaka 1973, futi 3, yaani kama sentimita 91, na majimbo mengi yakafuata baadaye. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Ujerumani tangu 2020 ni 1.5 mjini na 2 nje. Queensland kule Australia walianza kujaribu 2014, mita 1 pale mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita 60 kwa saa, ukizidi hapo ni 1.5. Uingereza wao mita 1.5 imeingia kwenye kanuni za barabara mwaka 2022, kwa mwendo wa mpaka maili 30 kwa saa, ukienda kasi zaidi unaongeza, ila pale ni mwongozo, kutouzingatia peke yake siyo kosa, lakini ukifikishwa mahakamani unaweza kutumika dhidi yako. Kwa hiyo mpigaji simu mmoja aliyeniambia eti ni sheria moja dunia nzima, hapana, angalia ya kwako inasemaje.

Sasa kupima. Kawaida siyo tairi kwa tairi. Unapima kutoka kitu kilichotokeza zaidi kwenye gari, iwe saidi mira au mzigo unaoning'inia, mpaka kilichotokeza zaidi kwa mwenye baiskeli, iwe ncha ya usukani, kiwiko au begi. Hapa ndo madereva wengi wanapopotea na wala siyo kwa ubaya. Dereva anakadiria kutoka bodi ya gari mpaka tairi la baiskeli, anaona mita moja na nusu safi kabisa, ila toa sentimita 20 za saidi mira, toa 30 za nusu ya usukani, tayari imebaki mita moja, na hapo bado hujayumba.

Na kuyumba lazima. Baiskeli haiendi kama treni, inasimama kwa sababu unaisahihisha kila sekunde hata kama mwenyewe hujui. Tena kuna jambo watu wanabisha mpaka walijaribu: ukitaka kukwepa shimo lililo upande wako wa kulia, usukani unaanza kwanza kwenda kulia kidogo ndo baiskeli ilale kushoto. Yaani kabla hujaondoka kwenye hatari unaisogelea kwa kipande kidogo. Ongeza upepo wa lori, likija linakusukuma nje, likimaliza kupita linakuvuta ndani, na mwili wako ulikuwa bado unapambana na ule wa kwanza. Ndo maana namba zinapanda na mwendo. Huyo dereva wako kwa nchi zote nilizozitaja hapo juu angekuwa hana hoja.

SWALI: Anko, mimi upande wa pili, dereva. Barabara nyembamba, katikati mstari usiokatika, mbele yangu baiskeli. Nikiacha mita na nusu navuka mstari, nakamatwa. Mnataka nimfuate kilomita kumi kama namsindikiza harusini?

JIBU: Nimecheka, ila swali ni la haki. Kwanza hesabu. Mwenye baiskeli tairi lake liko nusu mita kutoka ukingo wa lami, ongeza 0.3 ya kiwiko, ongeza 1.5 ya nafasi, ongeza gari lako mita 2 na saidi mira zake. Jumla 4.3. Njia moja ya kawaida ni kama mita 3 mpaka 3.5. Kwa hiyo ile ya kupenya ndani ya njia ileile haipo, haijawahi kuwepo, huwa tunaifanya tu kwa sababu mwenye baiskeli hana bodi ya kuchubuka. Hispania tangu 2022 wameliandika wazi, barabara ikiwa na njia mbili au zaidi upande wako unahamia njia nyingine yote, kama unampita gari mwenzio.

Kuhusu mstari, sheria nyingine zimeliona. Queensland wanaruhusu kuuvuka mstari usiokatika ukimpita mtu wa baiskeli, mradi unaona mbele kweupe na ni salama. Kwenu kama hairuhusiwi, jibu ni kusubiri, samahani. Lakini pima unachosubiri: kwenda mita 200 ukiwa nyuma ya baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa ni sekunde 36, ungekuwa na 60 ungetumia 12. Umepoteza sekunde 24. Na honi usimpigie akiwa karibu, anashtuka, anageuka kuangalia, na baiskeli inafuata macho.

SWALI: Nani sasa anashika rula barabarani? Naona sheria ya kwenye karatasi tu.

JIBU: Una haki ya kuwa na shaka. Polisi wa West Midlands, Uingereza, walianza 2016 kumpandisha askari aliyevaa nguo za kiraia kwenye baiskeli, anayempita karibu anasimamishwa mbele na wenzake, wengine wanaonyeshwa kwenye turubai lililochorwa umbali halisi unavyoonekana. Chattanooga, Marekani, polisi walifunga kwenye baiskeli kifaa kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti. Siku hizi na kamera za kwenye usukani zinasaidia. Ila mimi naona kazi kubwa ya namba inaonekana baada ya ajali. Bila namba mnabishana nani aliyumba. Ikiwepo, dereva aliyegonga anatakiwa aeleze mita na nusu yake iliishia wapi.

SWALI: Ni kweli ukivaa helmeti magari yanakupita karibu zaidi?

JIBU: Kuna mtafiti, Ian Walker, wakati huo akiwa chuo kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake akarekodi magari zaidi ya 2,300 yakimpita, utafiti ukachapishwa 2007. Akiwa na helmeti walimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Wakati wa majaribio aligongwa mara mbili, basi moja na lori moja, zote akiwa ameivaa. Akavaa na wigi la nywele ndefu ili kwa nyuma aonekane mwanamke, wakamwachia nafasi zaidi. Wataalamu wengine wamezirudia hesabu zake na kubishana naye kuhusu helmeti, na sentimita 8 na nusu ni upana wa kiganja, haiwezi kukufanya uache kichwa wazi. Vaa helmeti. La wigi amua mwenyewe.