Re: Aparei ndogo ya bei kali, ninunue ao nikae na telefone?

Yaya, umeuliza kama hiyo kompakti (aparei ndogo ya mufukoni) Sony RX100 VII itakufaa kwa ndoa na foto za barabarani hapa Goma ao ubakie na telefone. Mimi niko na kompakti ya namna hiyo, basi nakuambia wazi, anza na saa unayopigia foto, bei itafuata. Kama ni muchana kule Birere, chukudu (zile za mbao za kubeba mizigo) zinapita, watu hawapendi kuelekezewa mashini kubwa, hapo kompakti iko muzuri sana ju inaingia mufukoni, na ile zumu ya 24-200 inakuvutia hata mutumbwi uko mbali kwa ziwa. Lakini ndoa zetu unazijua, sherehe inaingia usiku, taa za sale ni za rangi rangi, na lensi yake inaanza f/2.8, ukivuta mpaka mwisho inakuwa f/4.5 (namba ikipanda, mwanga unaingia kidogo), tena sensa, kile kipande kinapokea mwanga, ni ya inchi 1 tu, ISO (nguvu ya kuongeza mwanga) inapanda, foto inajaa chembechembe. Reflex (aparei kubwa ya kubadilisha lensi) ya okazyo, ya mukono wa pili, na lensi ya 50mm f/1.8 itaishinda pale, na utabakisha dola.

Kompakti ingine, Ricoh GR III, iko na sensa kubwa kuliko hiyo, ya APS-C, ila haina zumu wala flashi.

Halafu vumbi ya lava! Lensi za kutoka na kuingia zinaivuta ndani, yangu iko na doa moja haitoki mpaka leo. Azima kwanza ya mutu kwa ndoa moja, na betri tafuta mbili, kura (umeme) yetu unaijua.