Maswali na Majibu: Kalavati lisiwe ukuta kwa samaki

Masika yakianza, samaki aina ya ningu hujazana upande wa chini wa kalavati letu (bomba linalopitisha mto chini ya barabara), watu wakawachota kwa beseni. Kwa nini hawapiti? (Rorya)

Mvua zinapoanza, ningu na kuyu hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito kwenda kutaga. Chungulieni mdomo wa bomba upande wa chini: mara nyingi huwa unaning'inia juu ya maji. Bomba jembamba hubana mto, maji hutoka kwa kasi, yanachimba shimo na sakafu ya mto inashuka. Hata samaki akifaulu kuruka, ndani kuna zege laini lisilo na jiwe la kupumzikia. Nguvu humwishia njiani, maji yakamrudisha.

Tunajenga upya. Bomba la ukubwa gani? (Misenyi)

Pimeni mto kwanza. Chukueni upana wa ukingo hadi ukingo, pale maji yanapokaribia kufurika, sehemu kadhaa zilizo mbali na kivuko cha zamani. Karibu nacho mto umeshaharibika. Kanuni itumikayo jimbo la Washington, Marekani: wastani wa vipimo hivyo mara 1.2, ongeza mita 0.6. Mto wa mita 3 unadai uwazi wa mita 4.2. Mabomba mawili ya mita 2 hayafidii: kila moja bado linabana, na takataka hunasa katikati. Sisi tungechagua daraja la mawe la upinde. Halina sakafu, mradi msingi ushuke chini kuliko mafuriko yanavyoweza kuchimba.

Na kalavati la boksi, lile la zege lenye umbo la sanduku?

Sakafu yake ifukieni. Boksi la kimo cha mita 2 lizame sentimita 60 hivi, kwa mteremko uleule wa mto, kisha lijazwe mawe, kokoto, mchanga na udongo laini. Wengi husahau huo udongo. Bila huo, kiangazi maji hupenya chini ya mawe, juu pakakauka. Mhandisi akokotoe mafuriko kwa uwazi uliobaki, si kwa mita 2.

Hatuna fedha za kubomoa, na mdomo unaning'inia sentimita 45. (Bunda)

Inueni maji. Pangeni vizingiti vya mawe makubwa upande wa chini, kila kimoja kikiinua maji sentimita 15, na kidimbwi kati yao. Vinahitajika vinne, si vitatu: cha nne ndicho kinachorudisha kina cha sentimita 15 ndani ya bomba. Gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) peke yake hazifai, maji huchujika ndani yake. Bomba refu lenye mteremko mkali halitatibika hivi; hilo ling'olewe.

Drifti je, kile kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake?

Bamba tambarare hutandaza maji yakawa membamba mno. Acheni mfereji katikati unaoweza kumfunika samaki mgongo, na ukingo wa chini ulingane na sakafu ya mto.