Jibu kwa mwenye PDF ya maswali 2,000 ya NCLEX: ifute leo

Futa hiyo PDF. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema umebakiza wiki sita kabla ya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, umenunua faili la "maswali yanayorudi" 2,000, majibu yamepakwa kijani, na mpango wako ni kukariri 50 kwa siku. Halafu ukauliza kuhusu kikokotoo, saa za kusoma, uzazi na afya ya akili. Nitajitahidi kuyafikia hayo, ila hilo la kijani limenipandisha presha na hapa nilipo sina hata mashine ya kuipimia. 2,000 kugawa kwa 50 ni siku 40. Arobaini kamili. Hesabu yenyewe inakuambia kuna msiba.

Faili kama hilo mimi nililimaliza mara mbili. Matokeo yake: dola 200 za mtihani zimekwenda, dola 150 za ziada kwa anayefanyia nje ya Marekani zimekwenda, na siku 45 za kusubiri kabla ya kuruhusiwa kurudia. Aliyeniuzia bado anaitwa "mwalimu" kwenye kikundi chake cha WhatsApp. Sitamtaja. Mungu anamjua kwa jina na kwa namba ya simu.

Elewa unachokwenda kukutana nacho. Huu si mtihani wa karatasi moja kwa wote. Ukijibu swali, kompyuta inakadiria upya uwezo wako kisha inakuchagulia swali linalofuata lenye ugumu unaolingana na hapo ulipofika. Wewe na aliyekaa kiti cha pili hamfanyi mtihani mmoja. Ukishalipita swali hulirudii. Maswali ni 85 kwa uchache na 150 kwa wingi, ndani ya saa 5, na katika hayo 85 kuna 15 yasiyohesabiwa ambayo huwezi kuyatambua. Tangu Aprili 2023 kuna pia visa virefu vya mgonjwa mmoja, kila kisa maswali 6. Na kama maswali uliyouziwa ni ya kweli, basi ndiyo balaa zaidi: kabla ya kuanza unakubali masharti ya kutotoa siri za mtihani, na matokeo ya mtu yanaweza kufutwa.

Lakini sababu kubwa ni hii. Neno moja linageuza jibu.

Mgonjwa ana moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Anatumia digoksini 0.125 mg, dawa ya moyo, na frusemaidi ya kuongeza mkojo. Mapigo uliyosikiliza kifuani dakika nzima ni 72, potasiamu 4.1. Ufanye nini? Toa dawa. Kijani. Umekariri.

Sasa skrini inakuletea mgonjwa yuleyule, mapigo 72, potasiamu 2.9. Jicho limeshaona "digoksini, 72" na kidole kimeshabofya "toa dawa". Umekosa. Frusemaidi imetoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikipungua digoksini inashika misuli ya moyo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo sumu inaweza kuja hata kiwango cha dawa kwenye damu kikiwa cha kawaida. Zuia dozi, mpigie daktari. Badilisha tena: potasiamu 4.1, mapigo 72, ila tangu asubuhi hataki chakula, anatapika, na taa anaziona zina duara la njano. Zuia, damu ipimwe kiwango cha digoksini. Badilisha tena: kila kitu sawa, mapigo 54. Zuia. Hayo ni maswali manne yenye karibu maneno yaleyale, na PDF yako ina moja.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na nitaipigia kelele mpaka mods wanifungie: swali halijasomwa mpaka umeandika kwa mkono kwa nini kila jibu ulilolikataa ni kosa, na ni kitu gani kingebadilika ndipo hilo lililokataliwa liwe sahihi. Kwa mkono, kwenye daftari. Kusema moyoni "aah, hili nalijua" hakuhesabiki.

Tufanye moja pamoja. Mama mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba yuko kwenye dripu ya magnesiamu salfeti. Kipi kinakutia wasiwasi zaidi: anahisi joto usoni, pumzi 14 kwa dakika, mkojo ml 20 kwa saa, goti linaruka ukiligonga?

Jibu ni mkojo. Magnesiamu hutolewa na figo, na mkojo ukiwa chini ya ml 30 kwa saa dawa inajikusanya mwilini. Sasa kazi yenyewe. Joto usoni: kosa, maana dawa hiyo hupanua mishipa, inategemewa. Goti linaruka: kosa, ni habari njema, lingekuwa jibu kama goti lisingejibu, kwa sababu hiyo ni dalili ya mapema ya sumu na dripu inasimamishwa. Pumzi 14: hapa ndipo wengi wetu tunazama. Wodini kwetu umefundishwa kwamba kabla ya kurudia dozi pumzi zisipungue 16. Vitabu vya Marekani vinaweka mstari kwenye 12. Ingekuwa 10, simamisha dripu, andaa kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani ml 10 za asilimia 10, ipite polepole mshipani.

Umeona? Swali moja limekupa mambo matano. Kwa namna hii 30 kwa siku yanatosha na yatakula saa tatu au nne, kwa hiyo lile la saa nimeshalijibu. Kitabu fungua baada ya kukosa, ukasome ukurasa huo tu. Ukianza na kitabu kizima, wiki ya nne itakukuta bado uko kwenye sura ya moyo.

Tena majibu yenyewe ya kijani mengi ni uongo. Langu lilisema dawa ya kuizima heparini, ile ya kuzuia damu kuganda, ni vitamini K! Vitamini K ni ya warfarini, nayo ya kuzuia damu kuganda. Heparini ni protamini salfeti. Aliyepaka rangi hiyo angepaka kucha tu, tungepona wengi.

Jambo jingine ambalo "mwalimu" hatakuambia ni majina na vipimo. Paracetamol yako itaandikwa "acetaminophen". Salbutamol ni "albuterol", adrenaline ni "epinephrine", pethidine ni "meperidine", glibenclamide ni "glyburide", rifampicin ni "rifampin". Sukari umeizoea kwa mmol/L, kule utakutana na mg/dL, basi gawa kwa 18: 70 ni karibu 3.9, na huyo anashuka, mpe wanga gramu 15 kama anameza, pima tena baada ya dakika 15. Ukisoma 70 kwa macho ya glukomita yetu utadhani anakufa kwa sukari kupanda.

Na usijibu kwa mazoea ya wodi yenye wagonjwa 40 na muuguzi mmoja. Kwenye mtihani muda upo, vifaa vipo, msaidizi wa muuguzi yupo, wala ndugu wa mgonjwa hajashikishwa chupa ya dripu. Msaidizi huyo anaweza kumwogesha mgonjwa aliyetulia, kumpima joto, kuandika kiasi cha mkojo. Kutathmini, kufundisha na kumlisha mwenye shida ya kumeza havimhusu. Mgonjwa wa kifua kikuu hafunguliwi dirisha. Anapelekwa chumba ambacho hewa huvutwa kuingia ndani isivujie kwa wengine, na wewe unavaa barakoa ya N95.

Yale ya "chagua yote yanayofaa": kila sahihi linakupa alama 1, kila kosa linakunyang'anya 1, ingawa huendi chini ya sifuri. Kubofya yote ni kujichoma mwenyewe.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, usibebe chako. Kizoee: ml 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa ml, ni 1,000 mara 20 gawa kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika.

Uzazi na afya ya akili, kusema kweli nimesahau uliuliza nini na kurudi juu kusoma siwezi, nimeshakasirika. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, kiwango chake kwenye damu ni 0.6 hadi 1.2, na mgonjwa asinyimwe chumvi, maana sodiamu ikipungua figo zinabakisha lithiamu. Shika hilo kwanza.

Ukishafuta, leta hapa swali moja la insulini, mgonjwa ana asidi ya kisukari na potasiamu 3.0, liandike na mistari yake yote nikukague. Ukiandika "anza insulini" bila kugusa potasiamu nitajua bado unayo. Na usinitumie hilo faili PM nikuhakikishie kama ni lenyewe. Ninalo.