Jibu: Mswada wa hadithi fupi umerudishwa, nianzie wapi?

Salamu ndugu. Unasema mchapishaji amekurudishia mswada wa hadithi kumi kwa kuwa hujulikani, na rafiki kakwambia unamwiga mwandishi Said Ahmed Mohamed.

Angalia kwanza ulichopeleka. Hapa Kenya hadithi fupi nyingi hutoka kwenye diwani za waandishi wengi pamoja, kama Tumbo Lisiloshiba ya mwaka 2015. Yangu ya kwanza ilitoka kwa njia hiyo, baada ya kukataliwa mara tatu. Chagua moja iliyoiva, umwandikie mhariri, umuulize wanakusanya lini. Ukitaka zote zitoke pamoja, ipo Tuzo ya Safal-Cornell, inayopokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa.

La kuiga lisikuvunje moyo kabisa. Mimi niliandika kama Said Ahmed miaka miwili mizima. Kilichonitoa ni kumsomea mama kila hadithi kwa sauti, mama aliyetulea kwa paukwa pakawa. Sentensi iliyomfanya aulize, "Nani husema hivyo?" niliifuta, hata kama niliipenda mno.

Hiyo hadithi yako ya mvuvi uliyoitaja, nitumie kurasa mbili za mwanzo. Nitazisoma wiki hii.