Dhahabu ya harusi ni yako, hata kama anayo mama mkwe

Dada yangu, umesema umeolewa Kerala kwa ndoa ya Kihindu, na dhahabu uliyopewa na wazazi wako anayo mama mkwe, anayedai ni mali ya ukoo. Si kweli hata kidogo. Sheria ya India inaiita stridhan, na ni ya mke peke yake. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1985 katika kesi ya Pratibha Rani. Anayekataa kuirudisha anaweza hata kushtakiwa kwa jinai. Mwaka 2024 ikarudia: mke mmoja wa huko huko Kerala alisema vito vyake vilichukuliwa usiku wa kwanza wa ndoa, akakabidhiwa mama mkwe eti avihifadhi. Mume akaamriwa kulipa rupia milioni 2.5. Mume akibanwa na shida anaweza kuvitumia vito vya mkewe, lakini lazima avirudishe.

Zawadi mlizopewa nyote wawili ni suala jingine, mahakama ndiyo huamua.

Kusanya stakabadhi za sonara, picha za harusi zinazoonyesha kila bangili, na majina ya mashahidi. Kisha wakili aandike barua ya madai. Na tafadhali, usitie saini karatasi yoyote inayosema umeshapokea vitu vyako kabla hujavishika mkononi.