Gari jipya linakula mafuta: kabla hujamruhusu mtu aguse injini

SWALI: Fundi, nimenunua gari dogo jipya, zero kilomita, injini ya lita 1.5, otomatiki. Sasa limefika kilomita 900. Waliponiuzia waliniambia lita moja itanipeleka kilomita 18, lakini nikipiga hesabu napata 11. Naishi Mbezi, kazini ni Posta, na asubuhi napitia shuleni kuwaacha watoto. Kwa siku ni kama kilomita 50. Fundi wa mtaani kwetu anasema injini "bado imekaza". Anataka kutia dawa kwenye oili, kuweka oili nzito kwa ajili ya joto la Dar, kutoa themostati kwa kuwa ni ya nchi za baridi, na kunifungia kifaa cha kubana mafuta. Jumla ni laki tatu na nusu. Nimruhusu?
Mama wa wawili, Mbezi

JIBU: Dada yangu, usimruhusu hata kimoja. Kama umeshampa advansi, kaidai leo hii.

Hofu yako naiona kila mara gari jipya linapoingia gereji kwetu. Mwenye gari ana wasiwasi wa mafuta, na kabla hajanifikia ameshapita kwa mtu aliyemuuzia tiba. Gari lilikuwa zima. Likifika kwangu ndipo lina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni ile tiba.

Injini yako imekaza kweli, hapo hajakudanganya. Kuta za silinda zinatoka kiwandani zikiwa zimechorwa mistari midogo ya mshazari inayopishana. Vilele vya mistari hiyo vinatakiwa visagwe taratibu na ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, mpaka ringi na ukuta vikae sawasawa, na mabonde yake yabaki kushika oili. Kazi hiyo ikiwa bado haijaisha, msuguano unakuwa juu kidogo na mgandamizo kidogo unapotea kupitia kwenye ringi. Ongeza hapo beringi, meno ya gia, pedi za breki ambazo hazijakaa vizuri kwenye diski, na tairi mpya zenye kashata nene. Vyote hivyo vinadai mafuta. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inayosimamia upimaji wa ulaji wa mafuta huko, inawaeleza wanunuzi kwamba gari jipya linaweza kuhitaji maili 3,000 hadi 5,000 kabla ya kufikia ulaji wake bora. Kwa kilomita ni kama 5,000 hadi 8,000. Wewe uko 900.

Lakini ugeni wa injini unachukua asilimia chache tu. Hauwezi peke yake kukushusha kutoka 18 hadi 11. Kilichokushusha ni barabara, na pia namba 18 yenyewe ilikotoka. Namba za namna hiyo zinapatikana ndani ya jengo, gari likikimbia juu ya rola. Chukua kipimo cha WLTP kinachotumika Ulaya tangu 2017: kinachukua dakika 30, kama kilomita 23, kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 46 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na gari linalopimwa linatakiwa liwe limeshatembea angalau kilomita 3,000. Soma tena hapo mwisho. Hata wapimaji hawalipimi gari likiwa na kilomita 900. India na Japani wana taratibu zao, lakini nako gari hupimwa kwenye rola, mbali kabisa na foleni ya Kimara saa moja asubuhi.

Sasa tuichukue safari yako. Tuseme gari lako, likiwa linatembea, mjini, kiyoyozi kikiwaka, lina uwezo wa kilomita 15 kwa lita. Kilomita 50 zitataka lita 3.3. Halafu hesabu muda unaosimama: Kimara, Ubungo, Magomeni, geti la shule, na jioni vivyo hivyo. Nikikuwekea saa moja na robo kwa siku, gari limesimama na injini inaunguruma, injini ya ukubwa huo pamoja na kiyoyozi itaunguza kama lita 1.2. Jumla lita 4.5. Gawa 50 kwa 4.5, unapata 11. Ndiyo namba yako, na hakuna kitu kilichoharibika hapo ndani. Siku ukienda Morogoro mapema, ukakaa kwenye kilomita 80 kwa saa, hutaamini kuwa ni gari lilelile.

Nije kwenye hizo tiba, maana ndiko ninakotaka usikilize.

Dawa ya oili. Mtu anakuambia itapunguza msuguano, mafuta yatabaki mfukoni. Kazi ya injini katika kilomita hizi za mwanzo ni hiyo hiyo ya kusagana kidogo ili ringi zikae. Ukimwaga humo kitu cha kuteleza ambacho mtengenezaji hakukipanga, unaingilia kazi ambayo haitarudiwa. Honda kwa mfano huwaambia wateja wao wasiharakishe kuitoa oili ya kwanza, kwa sababu imewekwa kwa makusudi ya kipindi hiki. Na madai ya dawa hizi si mapya. Mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki waliokuwa wakiuza dawa ya injini iliyovuma sana wakati huo, yenye chembechembe za jamii ya plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, kwa kutangaza manufaa wasiyoweza kuyathibitisha. Miaka yote hii imepita na maneno yale yale nayasoma kwenye makopo yanayouzwa Kariakoo. Kutia dawa kwenye injini yenye kilomita 900 ni kumpa dawa ya malaria mtu aliyechoka kwa safari, bila hata kumpima.

Oili nzito. "Dar kuna joto, weka 20W-50." Gari kama lako kwa kawaida limeandikiwa 0W-20 au 5W-30, fungua kitabu chake utaona. Namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa imepata moto, na injini iliyopata moto hukaa kwenye joto lile lile la kazi, iwe Dar au Iringa, kwa sababu mfumo wa kupoza ndio unaolishika. Oili ya 50 kwenye joto hilo ni nzito kama mara mbili ya ile ya 20, wakati mwingine zaidi. Pampu inaisukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo inalipwa kwa petroli. Kisha kuna njia nyembamba zinazopeleka oili kwenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga, zenye vichujio vidogo kuliko ukucha. Zilipangiwa oili nyepesi. Mtu analalamika gari linakula mafuta, tiba anayopewa inaongeza ulaji, na anailipia.

Hili la themostati ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu limekuwa kama dini. Mafundi wamefundishana kwamba kifaa hicho Mjapani alikiweka kwa ajili ya theluji. Sivyo. Themostati inafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwenye magari mengi kama nyuzi 82 hadi 88, kisha inafungua kadiri inavyohitajika. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Kwenye foleni huenda usione tofauti. Ukitoka barabara kuu na upepo ukaanza kupita, injini inapoa chini ya kiwango, na kompyuta inasoma kwamba bado haijapata moto. Kompyuta inafanya nini injini ikiwa baridi? Inaongeza petroli. Imetengenezwa ifanye hivyo, na itaendelea mpaka mtu arudishe kile alichokitupa.

Nimeshapokea gari la namna hiyo, likiwa jipya tu. Mshale wa joto umelala chini hata baada ya kutoka Kibaha bila kusimama. Plagi nyeusi kwa masizi makavu. Nikachomoa kijiti cha oili na kukinusa: harufu ya petroli, maana petroli isiyoungua ilikuwa inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Mashine ya kupimia ikatoa namba ya hitilafu P0128, inayosema maji hayafiki joto linalotakiwa. Hizo kuta ndizo zile zile zenye mistari inayotakiwa isagwe vizuri. Zilikuwa zinaoshwa kwa petroli kila siku, kwenye kipindi ambacho zinahitaji oili kuliko wakati wowote.

Kifaa cha kubana mafuta sitakizungumzia kwa muda mrefu. EPA wamepima vifaa vya aina hii zaidi ya 100 na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote. Vile vya kuchomeka kwenye tundu la chini ya usukani nimevifungua mwenyewe: taa ndogo zinazomweka, vipande vichache vya umeme, na miguu ya mawasiliano ya kompyuta haijaungwa na kitu. Hakisomi gari lako wala hakiliambii lolote.

Kuna kosa jingine ambalo fundi wako hakulitaja lakini wenye magari mapya wengi wanalifanya kwa nia njema, kuliendesha gari kama yai. Mwendo wa 40 siku zote, au kuliacha linaunguruma uani saa nzima "lizoee". Ringi hazijibani ukutani kwa nguvu zake zenyewe tu. Presha ya moto wa silinda inapita nyuma yake na kuzisukuma. Bila mzigo, presha ni ndogo, ringi zinaelea, oili inaunguzwa ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa. Huo ukishatokea, gari litakula oili. Kulikimbiza kupita kiasi nako ni kosa. Vitabu vya Toyota vinasema katika kilomita 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa ghafla, na usikae muda mrefu kwenye spidi moja bila kubadilisha. Kilomita 300 za kwanza epuka breki za ghafla, na usivute tela mpaka zipite 800. Maana yake endesha kwa kawaida, ubadilishe mwendo, umpe injini mzigo wa wastani. Foleni yako imekusaidia kwa breki, haijakusaidia kwa ringi. Jumapili moja toa gari mpaka Chalinze na kurudi.

Na hili halihusu magari mapya peke yake. Nawaambia pia walioagiza Japani magari yaliyotumika, na vijana wa bodaboda wenye pikipiki zilizotoka dukani jana. Mtu akikutajia tiba kabla hajachukua kipimo, mwache. Fundi anayejua kazi atakuuliza upepo wa tairi, atagusa rimu baada ya safari aone kama breki moja imebana na kupata moto kuliko nyingine, atachomeka mashine asome joto la maji. Hayo yanachukua dakika chache. Anayekimbilia spana kwenye themostati anataka kazi, na gari lako lenye waranti ndilo atakalolifanyia majaribio. Siku likiharibika na muuzaji akakuta themostati haipo, hutakuwa na la kudai, na fundi wako atakuwa amehamia mtaa mwingine.

Wewe fanya hivi. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengine hukabidhiwa yakiwa na upepo wa kusafirishia melini, au yamekaa mpaka ukapungua. Jaza tanki kwenye sheli moja, pampu ile ile, mpaka ikate yenyewe mara ya kwanza. Tembea, jaza tena vivyo hivyo, gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Usitegemee ujazo mmoja, rudia kwa tanki kadhaa. Andika kwenye daftari na uandike pia ilikuwa foleni au barabara kuu. Servisi ya kwanza ipeleke kwa wakati, oili ya daraja lililo kitabuni. Ukifika kilomita 6,000 hivi ndipo ulinganishe. Kabla ya hapo, vitakavyokuleta gereji haraka ni taa ya injini kuwaka, moshi wa bluu, harufu ya petroli, au kijiti cha oili kuonyesha imeshuka sana.

Na kama umechelewa kunisoma na ameshaingiza mkono: toa oili yote hiyo na filta yake, weka ya daraja lililoandikwa, na nunua themostati halisi ya gari lako yenye nyuzi zile zile. Ile ya zamani mdai akurudishie hata ikiwa chafu, uende nayo dukani wakulinganishie.