Jackie Chan: Mmenijia Juu, Nawajibu

Safu iliyopita nilipanga sinema saba bora za Jackie Chan. Kwa aliyeikosa: Police Story (1985) juu kabisa, kisha Drunken Master II (1994), Project A (1983), Supercop (1992), Wheels on Meals (1984), Armour of God II (1991), na mkiani Who Am I? (1998). Kipimo changu kilikuwa kimoja tu: zima sauti, uone kama sinema bado inasimama. Sisi wa Uganda tuna haki ya kupima hivyo, maana kwenye kibanda cha video maneno ya asili hatuyasikii. Tunamsikia VJ, yule anayetafsiri na kusimulia sinema juu ya sauti yake.

Ujumbe umemiminika, mwingine wa kunisuta waziwazi. Nimechambua huu.

Kaka, Rush Hour umeitupa wapi? Hapa steji tulidhani orodha imekatwa njiani. (Mwendesha boda, Busia)

Haikukatwa, kaka. Rush Hour (1998) kwangu ni ya kumi hivi. Najua inajaza mabenchi, na najua sababu: mdomo wa Chris Tucker. Lakini zima sauti uone. Tucker anapotea, anabaki Jackie aliyefungwa mikono. Hong Kong alizoea kukaa na pigano moja wiki kwa wiki, akirudia na kurudia hadi kiti kianguke pale pale anapotaka. Hollywood kuna ratiba, kuna bima, na kuna mtu wa kumwambia "hapo usiruke". Halafu kamera. Katika sinema za Hong Kong inakaa mbali kidogo, ngumi inatoka na kufika mbele ya macho yako bila kukatwa. Huku Marekani picha inakatwa ngumi ikiwa bado njiani, na wewe unaambiwa uamini imefika.

Ila lile pigano la ukumbi wa maonyesho, anapotwanga majambazi huku akidaka mitungi ya kale ya China isivunjike, hilo ni Jackie mwenyewe. Bila hilo ningeipa ya ishirini.

Na nyinyi wa mpakani msinidanganye. Ng'ambo ya pili mnamsikiliza DJ Afro kwa Kiswahili, upande huu mna VJ Jingo kwa Kiganda. Mnayemcheka si Tucker.

Ndugu mwandishi, Drunken Master II haina mpinzani duniani kwa mapigano. Kuiweka ya pili ni kosa la jinai. Jitetee. (Mwalimu, Kasese)

Mwalimu, kwa mapigano matupu umenishinda, sina rufaa. Lile pigano la mwisho kiwandani sijaona lililolizidi. Adui ni Ken Lo, ambaye wakati huo alikuwa mlinzi binafsi wa Jackie. Anasimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili unashona hewa kama cherehani. Jackie anatambaa kinyumenyume juu ya makaa yanayowaka. Mwongozaji Lau Kar-leung walikuwa wameshakosana naye na kuachana kabla ya kufika hapo, kwa hiyo mwisho huo Jackie aliuongoza mwenyewe. Na usisahau kichekesho kilichojificha: mama yake wa kambo humo ni Anita Mui, aliyezaliwa 1963, wakati "mtoto" kazaliwa 1954. Mama huyo ndiye anayechekesha kuliko wote.

Lakini mwalimu, katikati inalegea. Baba anagomba, mtoto anaomba radhi, baba anagomba tena. Police Story hailegei. Inaanza na mtaa wa mabanda mlimani Hong Kong, magari yanashuka wima yakipita ndani ya nyumba za watu, mabati yanaruka huku na huko. Aliyekulia kwenye miteremko ya Kampala hahitaji kuelezwa kwa nini picha hiyo inatisha. Magari yakiisha, Jackie anakimbilia basi la ghorofa na kuning'inia kwa mpini wa mwavuli. Mwavuli! Halafu analiwahi basi mbele, anasimama barabarani na bastola, basi linafunga breki, majambazi wanatokea madirishani ghorofa ya juu na kujibwaga lami. Hapo hata nusu saa haijafika.

Mwisho wake ni ndani ya jengo la maduka. Vioo vilivunjwa vingi hivi kwamba wafanyakazi wake waliibatiza sinema jina la Hadithi ya Vioo. Na pale juu kabisa, Jackie anarukia nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za mapambo, anateleza nayo sakafu hadi sakafu taa zikipasuka, anapasua paa la kioo, anatua chini. Taa zile zilikuwa zimeunganishwa kwenye umeme wa jengo, si betri ndogo, kwa hiyo zilikuwa za moto kwelikweli. Mikono iliungua, mgongo ukaumia, nyonga ikateguka. Yeye mwenyewe alijua amepata kitu: alituonyesha mruko huo mara tatu mfululizo kutoka pembe tofauti.

Kuna jambo la nyuma ya pazia linaloipa uzito. Mwaka huo huo wa 1985 alikuwa ametoka kuigiza The Protector chini ya mwongozaji wa Kimarekani, na hakupenda alivyotumiwa. Akarudi nyumbani na hasira, akatengeneza sinema ya polisi kwa namna yake. Hasira hiyo unaiona. Katika Drunken Master II naona ufundi wa hali ya juu. Katika Police Story namwona mtu mwenye deni la kulipa.

Ni kweli Jackie hana mtu wa kuruka kwa niaba yake? Kambini tumebishana mpaka chai ikapoa. (Askari, Bombo)

Afande, waambie wenzako wote wana nusu ya ukweli. Ana kikosi chake cha waruka-hatari tangu zamani, na hao hujitupa kwa niaba ya waigizaji wengine, mara chache hata kwa niaba yake. Katika hiyo hiyo Police Story, pikipiki inayopasua kioo dukani hakuiendesha yeye. Lakini nguzo ni yeye. Mnara wa saa katika Project A ni yeye: anaachia mshale wa saa, anapasua vitambaa viwili vya kivuli, anapiga ardhi, na alirudia zaidi ya mara moja. Wazo lenyewe alilichota kwa wachekeshaji wa sinema bubu, Harold Lloyd aliyening'inia kwenye saa mwaka 1923 na Buster Keaton. Nao mara nyingi walijirukia wenyewe.

Kilichokaribia kumuua kilikuwa kitu kidogo. Wakipiga picha za Armour of God (1986) huko Yugoslavia, alirukia tawi la mti, likakatika, akaanguka kichwa kikapiga jiwe. Fuvu lilipasuka, ikabidi apasuliwe haraka. Sikio moja halisikii vizuri hadi leo. Na Rumble in the Bronx (1995) alivunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta, kisha wakavisha plasta soksi iliyochorwa ifanane na kiatu, kazi ikaendelea. Hayo mengine yote mnayaona mwishoni majina yanapopita, afande, mradi mwenye kibanda asiwahi kuchomoa diski ili aweke nyingine. Mabishano ya kambini mengi yanasababishwa na huyo mwenye kibanda.

Mbona wanawake katika sinema zake kazi yao kupiga mayowe tu? (Binti, Mbarara)

Umesema kweli, dada, na sitamtetea. Maggie Cheung alikuja kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Hong Kong, lakini kwa Jackie alipewa kulia na kununa. Tena aliumia kichwa vibaya wakipiga Police Story 2 (1988), kwa hiyo hatari alipewa, sifa hakupewa.

Ndiyo maana Supercop iko ya nne na haishuki. Humo yumo Michelle Yeoh, na hapigi yowe hata moja. Anaendesha pikipiki juu ya kilima na kutua nayo kwenye paa la treni inayokwenda. Jackie ananing'inia kwenye ngazi ya helikopta juu ya Kuala Lumpur, jambo kubwa, lakini ukitoka pale unazungumzia pikipiki. Huyo ndiye Michelle Yeoh aliyechukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2023.

Kijana, Bruce Lee angemmaliza Jackie kwa teke moja. (Mzee, Koboko)

Mzee wangu, alimmaliza kweli, na imo kwenye picha. Tazama Enter the Dragon (1973), pigano la chini ya ardhi. Kuna kijana anamkaba Bruce kwa nyuma. Bruce anamshika nywele na kumvunja shingo. Kijana huyo ni Jackie Chan, wakati huo mruka-hatari asiyejulikana hata na jirani yake. Mwenyewe husimulia kwamba katika sinema hiyo fimbo ya Bruce ilimpata kichwani kwa bahati mbaya, Bruce akaja kumpa pole, naye akazidisha kuugulia ili pole isiishe upesi.

Bruce alifariki Julai 1973, na matajiri wa sinema wakaanza kusaka Bruce mwingine. Jackie alivishwa viatu hivyo: mwaka 1976 mwongozaji Lo Wei alimchezesha New Fist of Fury, akunje uso, awe na hasira, apige kelele. Haikuuza. Iliwezaje kuuza? Uso wenyewe ni wa kuchekesha. Mwaka 1978 akaazimwa kampuni nyingine, akakutana na mwongozaji Yuen Woo-ping, wakatoa mbili mwaka huo huo: Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Hapo akageuza kila kitu. Bruce akipiga ngumi haonyeshi kuumia. Jackie akipiga ngumi anapuliza vidole. Bruce ni mtu tunayetamani kuwa. Jackie ni mtu ambaye amekosea mlango, akakuta wanaume kumi ndani, na dirisha ni dogo.

Kwa hiyo kwa teke moja, ndiyo mzee. Kwa miaka hamsini ya kazi, sijui kama ungekubali kubishana nami mbele ya wajukuu.

Mtoto wangu ana miaka minane. Nimwekee ipi? (Mama, Jinja)

Mama, anza na The Karate Kid (2010), yeye na Jaden Smith, ingawa wanachopigana ni kung fu na wako Beijing. Kisha Project A. Drunken Master subiri, pombe humo ndiyo silaha. The Foreigner (2017) ficha: ni baba aliyeuliwa binti yake kwa bomu London, hakuna kicheko hata kimoja. Wewe mwenyewe itazame akishalala, ni kazi yake nzuri kuliko zote za uzeeni.

Who Am I? iko Afrika, sasa kwa nini mkiani? (Mwanafunzi, Arua)

Mdogo wangu, Afrika yenyewe ndiyo iliyoishusha. Sehemu hizo zilipigwa Afrika Kusini. Komando anaanguka kutoka kwenye helikopta, anapoteza kumbukumbu, wanakijiji wanamuuguza, na kwa kuwa kila dakika anauliza yeye ni nani, wanaligeuza swali kuwa jina lake. Hapo nilicheka. Lakini kijiji chenyewe ni rangi usoni, mikuki na ngoma, kama kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki redio. Mandhari ni safi, watu wamepewa kazi ya mapambo.

Kilichoiokoa ni Rotterdam. Pigano la viatu vya mbao, kisha pigano la juu ya paa dhidi ya watu wawili, mmoja mrefu wa mateke, na mwisho Jackie anateleza kwenye ubavu wa mteremko wa jengo la Willemswerf hadi chini, anakimbia, anabingirika, anateleza tena. Dakika hizo ukizitenga peke yake zinaingia tatu bora.

Shanghai Noon? (Mfanyabiashara, Kikuubo)

Ya nane. Farasi anaigiza vizuri kuliko nusu ya majambazi.

Na sisi Uganda Jackie Chan wetu yuko wapi? (Kijana, Kawempe)

Ndugu yangu, panda boda ukafike Wakaliga, ni hapo hapo Kampala. Mwongozaji Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, bunduki za vyuma chakavu, helikopta za kompyuta, na VJ Emmie juu yake akimsifu stelingi na kumkejeli mtazamaji. Humo yumo Bruce U, mwalimu wa kung fu, na jina linakueleza amemfuata nani kati ya wale wawili aliotupambanishia mzee wa Koboko. Namba sitampa, kipimo changu kinamwonea: ukizima sauti umemfuta VJ, na pale VJ ni mwigizaji kamili. Lakini vijana wanaojirusha matopeni bila bima, bila godoro, wakirudia hadi ikae sawa, ndiyo Hong Kong ya miaka ya themanini hiyo, imehamia kwenye uchochoro wetu.

Mbaya kuliko zote ni ipi? Usituzungushe. (Fundi simu, Mbale)

The Tuxedo (2002). The Medallion (2003) inaifuata kwa karibu, na waya zake na miujiza yake ya kompyuta, lakini angalau mle anajaribu. Katika The Tuxedo yeye ni dereva, anavaa suti ya bosi wake, na suti ndiyo inayojua kupigana. Umlipe Jackie Chan, halafu umpe nguo imfanyie kazi!